Kati ya Nguzo ya Tano na ya Sita

Madam wa Fizikia hakuwahi kusimama njiani kumsalimia mtu. Huku Bariadi, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu akumbukwe, na si kwa sifa. Kwetu salamu ina urefu wake. Unasimama, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, unarudi tena kwa watoto, ndipo mnaachana. Yeye alisalimia huku anatembea. "Mwangaluka, baba," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, alikuwa akimwambia mzee aliyezoea kukaa nje ya mashine ya kusaga, na mzee akiwa ndiyo kwanza anafungua kinywa kujibu, madam ameshapita, mkoba begani, sweta la kijivu limefungwa vifungo vyote kana kwamba jua la Simiyu linawaka kwa ajili ya watu wengine.

"Huyu mayu ana haraka gani?" mzee aliniuliza siku moja nikiwa nasubiri unga; mayu kwetu ni mama. "Huko mbele kuna nini?"

Huko mbele kulikuwa na shule tu. Wala hakuwa na haraka. Alikuwa na mwendo mmoja, uleule asubuhi na uleule mchana, akiwa amebeba madaftari ya kidato kizima au akiwa mikono mitupu. Nina tabia ya kuuliza kila kitu, tabia iliyonitoa nje ya darasa mara nyingi na kunikosanisha na wahadhiri wawili chuoni, lakini yeye sikuwahi kumuuliza ametoka wapi. Watu walisema Njombe, kwenye baridi, na ushahidi wao ulikuwa lile sweta. Mimi nilimkuta yupo, kama nilivyoikuta kengele ya shule.

Mwendo wake ndio uliokuwa kifaa chetu cha maabara. Shule yetu, nje kidogo ya mji, ilikuwa na chumba cha maabara chenye meza imara na karibu hakuna cha kuweka juu yake. Kwa hiyo tulipofika kwenye grafu za mwendo, kidato cha pili, alitutoa nje. Kando ya barabara ya vumbi kutoka nyumbani kwake mpaka getini kulikuwa na nguzo tisa za umeme. Kutoka nguzo moja hadi nyingine ni mita hamsini, alisema. Aliambiwa na fundi wa umeme. Yeye alitembea. Mwanafunzi mmoja alikwenda ubavuni mwake na saa ya kubonyeza, ile ya kupimia mbio, na kila walipofika kwenye nguzo alisoma sekunde kwa sauti. Mwingine aliandika. Sisi wengine, arobaini na kitu, tulifuata nyuma kama harusi isiyo na ngoma. Kisha tulirudi darasani kuchora: muda chini, umbali juu.

Karatasi za grafu hazikuwepo. Tulipiga viboksi wenyewe kwa rula na penseli, kazi ya nusu kipindi, na aliyelalamika aliambiwa kwamba viboksi ndilo somo lenyewe. "Ukipiga boksi moja kubwa na lingine dogo halafu ukasema yako sawa," alisema, "umedanganya kabla hujaanza kuchora." Alilisema hilo kila mwaka, kwa kila darasa. Ninalitaja kwa sababu lilikuja kumrudia.

Alikuwa pia mwalimu wa taaluma, na ndiye aliyebandika juu ya ubao bango la kutuagiza tuongee Kiingereza tu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, mtihani wa Kiingereza, nyumbani tulisema Kisukuma, na Kiswahili chenyewe wengi wetu tulikijulia shuleni. Siku ya grafu alipanda juu ya kiti, akaligeuza lile bango likatazama ukuta, akashuka, akajifuta chaki. "Haya, sasa tuzungumze." Kipindi kilipokwisha alipanda tena akaligeuza. Kesho yake asubuhi aliweza kukufagilisha uwanja mzima kwa neno moja la Kiswahili ulilosema mlangoni.

Nilimuuliza inakuwaje.

"Bango linawatazama wakaguzi," alisema. "Mimi nawatazama ninyi. Kafagie."

Alijua makosa yetu kabla hatujayafanya. Kuna siku alitupa habari ya mchungaji. Asubuhi anatoa ng'ombe zizini, anawapeleka mtoni, wanakunywa, anawapandisha kilima cha mawe kutafuta majani, jioni wanarudi. Chora umbali wao kutoka zizini. Nusu ya darasa ilichora kilima. Mimi nilikuwamo, changu kilikuwa na jiwe kubwa juu, na nilijivunia lile jiwe.

"Hiki nini?" aliniuliza.

"Kilima, madam."

"Nimeomba mwendo, umenipa mahali. Kilima kinakwenda wapi?"

Mwenzetu mmoja alifanya kosa lake peke yake. Ng'ombe walipogeuka kurudi, naye aliugeuza mstari, ukarudi kushoto hadi pale ulipoanzia, ukafunga kama kitanzi. Madam alilinyanyua daftari darasa zima lione.

"Ng'ombe hawa wamefika nyumbani saa ngapi?"

"Jioni, madam."

"Hapa wamefika asubuhi, kabla hawajatoka. Ng'ombe wanarudi nyumbani, baba. Saa hairudi. Mstari utashuka, lakini utaendelea kwenda kulia hata kama hutaki."

Ikawa kauli yetu, kama ilivyokuwa ya waliotutangulia. Mtu akiomba arudiwe mtihani, tulimwambia ng'ombe wanarudi. Mtu akiachwa na msichana, hivyohivyo.

Kuhusu mstari uliolala, ule unaokwenda kulia bila kupanda wala kushuka, alituuliza mtu huyo anafanya nini. Mmoja alisema amekufa. Msichana wa nyuma akasema, "Anasalimia, madam." Tulicheka mpaka darasa la jirani likasikia, kwa sababu tulijua jiwe limerushwa wapi. Naye alijua. Alisubiri tunyamaze.

"Vizuri. Huyu amesimama anasalimia. Kwenye grafu za Wasukuma nategemea mistari mingi iliyolala."

"Na kwenye yako, madam?"

"Yangu ni mstari mmoja, na umenyooka."

Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, na siku ya matokeo ya taifa alishika rozari mfukoni mwa sweta. Tuliona vidole vikitembea. Nilipokuwa na miaka kumi na sita na nimegundua kwamba hakuna mtu duniani anayefikiri isipokuwa mimi, nilimuuliza mbele ya wenzangu atathibitishaje Mungu. Nilitaka akasirike. Aliniambia, "Hilo sina mhimili wa kulichorea. Wewe unao?" Sikuwa nao. "Basi kaa." Nimesoma vitabu vinene tangu wakati huo na sijapata jibu fupi kama lile, ingawa bado sikubaliani naye.

Sasa nirudi kwenye mstari wake ulionyooka, kwa sababu haukunyooka.

Dada yangu Minza alinitangulia shule ile kwa miaka sita. Mwaka wake, yeye ndiye aliyeshika saa. Walipofika darasani na kuweka nukta zao, nukta tano za kwanza zilipanda vizuri, kisha kati ya nguzo ya tano na ya sita mstari ulilegea, ukapanda kidogo kuliko mwanzo, halafu ukaendelea kama kawaida hadi getini. Madam aliagiza wote wapige rula, mstari mmoja mnyoofu unaopita karibu na nukta zote, na hilo lenyewe si kosa. Vipimo vya mkono vina wasiwasi wake. Wote walipiga rula. Minza hakupiga. Aliunganisha nukta kama zilivyokaa, na pale penye ulegevu aliandika: hapa mwalimu alipunguza mwendo.

"Mimi sipunguzi mwendo," madam alimwambia.

"Ulipunguza, madam. Pale kwenye kalavati. Saa nilikuwa nayo mimi."

Hapo ndipo palipoharibika. Madam alikuwa ameuona ulegevu ule kwa miaka kadhaa, palepale, kati ya tano na sita, na alikuwa na maelezo yake: kwamba wanafunzi wananakili kutoka kwenye madaftari ya kaka na dada zao. Kosa likirudi mahali palepale kila mwaka, alifikiri, ni la kunakili. Hakuwa mjinga kufikiri hivyo. Tulikuwa tunanakili kweli, mambo mengi. Lakini Minza hakunakili. Aliambiwa afute akakataa, akaambiwa tena akakataa, akapewa sifuri ya jaribio pamoja na neno udanganyifu kwa kalamu nyekundu. Mwaka uliofuata, walipogawanywa, jina lake halikuwa kwenye mchepuo wa sayansi. Aliyepanga majina ni mwalimu wa taaluma.

Nyumbani habari ile ililiwa kama michembe, viazi vilivyokaushwa, kidogokidogo, mwaka mzima. Mama alisema, "Ungefuta tu, Minza. Mstari tu." Minza alisema, "Si mstari wangu. Ni wake." Alimaliza kidato cha nne na masomo ya sanaa, akaolewa Maswa, akafungua duka la mbegu na dawa za pamba hukohuko, kata ya Binza. Alitaka kuwa mfamasia. Hakuwahi kulia mbele yangu kwa hilo, ila kila nilipomtembelea alinionyesha jinsi anavyopima dawa, kwa usahihi usiohitajika na mkulima yeyote.

Kwa hiyo nilipoingia kidato cha pili sikuwa mwanafunzi wa kawaida. Nilikuwa mtu mwenye kesi.

Tulitoka, tukatembea, tukasoma saa. Arobaini, arobaini na moja, thelathini na tisa, arobaini, kisha hamsini, kisha arobaini, arobaini, thelathini na tisa. Nilimtazama miguu yake pale kwenye kalavati, pale ambapo korongo la msimu linapita chini ya barabara. Nilitaka sana apunguze. Nilikuwa tayari kumwona akipunguza hata kama hakupunguza. Hakupunguza. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, sweta, mkoba, vilevile. Hilo lilinikera kuliko kitu chochote, kwa sababu lilimaanisha dada yangu alikosea. Na sekunde kumi si kosa la kidole, kwa hiyo lilimaanisha pia kwamba dada yangu hakukosea. Niliwaza hayo wiki nzima. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu aliyekitilia shaka, nacho kilikuwa kimesimama mbele ya kila mtu, kimepakwa lami: nguzo.

Jumamosi nilichukua kamba ya kufungia ng'ombe, nikaipima kwa rula ya ubaoni mpaka ikafika mita kumi, nikapiga fundo, nikaenda na jirani yangu wa dawati. Alishika ncha moja akilalamika njia nzima. Nguzo ya kwanza hadi ya pili, hamsini. Ya pili hadi ya tatu, hamsini kasoro kidogo. Ya nne, ya tano, hamsini. Kutoka ya tano, mafundi walikuwa wamelikwepa korongo, wakaisogeza nguzo ya sita mbele hadi kwenye ardhi ngumu. Sitini na mbili. Tulirudia mara tatu. Jirani yangu akasema, "Kumbe!" kisha akasema, "Hii usiipeleke. Atakuua."

Niliipeleka Jumatatu. Nakumbuka nilisimama bila kunyoosha mkono, na nakumbuka sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Madam, nguzo zako ni boksi moja kubwa na mengine madogo."

Aliweka chaki chini.

"Umepima na nini?"

"Kamba."

"Kamba inavutika."

"Nimepima mara tatu, madam. Sitini na mbili. Ya tano na ya sita."

Nilitegemea mambo mengi: fimbo, barua kwa mzazi, kicheko. Alifungua kabati, akatoa utepe wa kupimia wa idara ya michezo, akatoka. Tukamfuata. Alipima yeye mwenyewe, amepiga magoti vumbini na lile sweta, akihamisha utepe, akiweka jiwe, akihamisha tena, na wasafiri wa baiskeli wakipunguza mwendo kumshangaa. Mzee wa mashine ya kusaga alikuwa akipita, alisimama akasema, "Mayu, umepoteza nini?"

"Mita kumi na mbili, baba," alijibu bila kuinua kichwa.

Aliposimama magoti yake yalikuwa mekundu. Hakusema nimekosea, wala hakusema asante. Alikaa kwenye ukingo wa kalavati, mara ya kwanza nilipomwona ameketi nje, na mbele ya darasa zima aliniuliza, "Minza yuko wapi siku hizi?"

Muda wote ule alijua mimi ni ndugu wa nani.

Alikwenda Maswa Jumamosi iliyofuata, na alinitaka niende naye, si kumwonyesha njia, alisema, bali kwa sababu mtu aliyepima lazima awepo. Dukani Binza kulikuwa na wateja wawili. Minza alikuwa anapima mbegu za mtama kwenye mizani. Alituona, akaendelea kupima mpaka kijiko cha mwisho, akafunga mfuko, akampa mteja, akamsindikiza kwa macho.

"Karibu, madam. Shikamoo."

"Marahaba. Sikai, Minza. Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa nguzo."

Minza aliishika mizani isicheze. Madam alimweleza yote, kwa mpangilio, kama ripoti ya jaribio: alidhani nini, kwa nini alidhani, nini kimepimwa, nani kapima. Alikuwa amekuja na lile daftari la zamani la alama. Alikuwa amekata sifuri, ameandika alama kamili, ametia sahihi pembeni na tarehe ya juzi.

"Kwa hiyo hukupunguza mwendo?" Minza aliuliza.

"Sikupunguza."

"Na mimi sikukosea saa."

"Hukukosea saa. Ulichora ulichokiona. Mimi ndiye niliyekuita mwongo."

"Lakini niliandika umepunguza. Hilo nalo halikuwa kweli."

"Halikuwa kweli. Ila lako lilikuwa kosa. Langu lilikuwa dhuluma."

Mteja wa pili, mama mmoja wa kijiji cha Shishiyu aliyekuja kununua dawa ya pamba, alikuwa amesahau alichofuata. Alisimama mkono shavuni. Minza alilitazama daftari, alama ile mpya juu ya ile ya zamani, akalifunga, akalirudisha.

"Ng'ombe wanarudi nyumbani, madam," alisema. "Saa hairudi. Wewe ulitufundisha."

"Najua."

"Basi kaa unywe chai."

Walikunywa chai. Waliongea habari za mvua. Njiani kurudi nilimwambia madam kwamba alama ile haina maana yoyote. Darasa lilikwisha, mtihani ulikwisha, hakuna ofisi itakayolifungua daftari lile. Nilikuwa na hasira bado, na nilidhani nina haki nayo. Alisema, "Sijui kama ina maana. Najua ile nyingine ilikuwa uongo, na ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu." Sikujua kama dada yangu alikuwa amemsamehe. Nilimuuliza Minza kwenye simu, akasema, "Wewe maswali yako hayaishi?" akakata.

Kuanzia mwaka ule, chini ya bango la Kiingereza palikuwa na karatasi ya manila yenye mwandiko wake uliopinda. Alikuwa na mwandiko mbaya kwa mtu aliyependa rula kiasi kile. Iliandikwa: kati ya nguzo ya tano na ya sita ni mita sitini na mbili, mwalimu wenu alikosea kwa miaka mingi, aliyeona kwanza ni Minza. Kila kidato cha pili kilianza kwa kupima nguzo upya, ingawa jibu lilikuwa ukutani. Na mbele ya grafu yoyote, ya kitabuni au ya ubaoni, tuliulizwa maswali matatu. Mhimili unasema nini? Kipimo ni kipi? Nani alipima? Wakubwa zetu wanasema wakati wao yalikuwa mawili tu.

Hakuwa mtakatifu, na mimi siamini watakatifu. Aliendelea kuwa mkali kuliko ilivyolazimu. Aliendelea kuadhibu waliosema Kiswahili na kufundisha kwa Kiswahili. Walikuwepo wengine, kabla na baada ya Minza, walionyoosha mstari wasiouamini ili wapate alama, na hao hakuwafuata dukani, nilimuuliza juu yao akasema, "Hao niliwaharibu vibaya zaidi, na hata siwajui." Lakini nimekaa miaka minne chuo kikuu, nimeonyeshwa michoro mingi ya rangi na watu wenye suti, na kila mara mkono wangu ulinyooka wenyewe: nani alipima? Wapo waliokasirika, na wapo waliokwenda kutafuta, wakarudi wakasema kwamba kweli, hapo hatujui. Swali hilo alinipa yeye, na alilipata kwa kupiga magoti barabarani mbele ya watoto. Sijui walimu wangapi wangeutoa ule utepe kabatini.

Siku hizi najitolea kufundisha shule moja ya Mwamanyili huku nasubiri ajira. Nina sayansi na hesabu, vidato vinne, na sweta sina. Wiki ya kwanza nilitoka na wanafunzi tukapima nguzo za kule. Hakuna hata mbili zinazolingana. Wanafunzi walifurahi kana kwamba wameikamata serikali.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona. Amestaafu, na ameshindwa kuhama. Anasema Njombe baridi, na anasema akiwa ndani ya sweta. Goti moja limeharibika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani, nimeyapanga vizuri tangu kwenye baiskeli, na nilipofungua kinywa alisema, "Una saa?"

"Ninayo kwenye simu."

"Twende mpaka getini. Daktari anataka nitembee."

Tulianza nguzo ya kwanza. Nilibonyeza. Sekunde sitini na tano hadi ya pili. Sitini na nane hadi ya tatu. Nilikuwa nazisoma kwa sauti, kama zamani, naye alitikisa kichwa kwa kila moja bila kuiona. Nilijaribu kuingiza shukrani zangu kati ya nguzo ya tatu na ya nne. "Usiongee na mtu anayepimwa," alisema.

Tulipopita nguzo ya tano, kwenye kalavati alikuwepo yule mzee wa mashine ya kusaga, amezeeka sana, amekaa ukingoni na fimbo yake. Madam akasimama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Za nyumbani?"

Akamjibu. Akamuuliza watoto. Akauliza ng'ombe, akauliza mvua, akarudi kwa watoto. Kisha akaketi kando yake, mguu mbovu umenyooshwa mbele, na wakaendelea na habari ya mtu mmoja aliyeuza majaruba yake ya mpunga. Mimi nilisimama na simu mkononi, namba zikikimbia. Nilidhani amesahau. Nilipotaka kuizima saa alinyoosha kidole bila kunitazama.

"Usisimamishe. Leo kweli nimesimama. Utachora kama ulivyoona."

Nilimwandikia Minza, huku saa inaendelea: Madam amesimama kwenye kalavati. Mimi shahidi.

Alijibu kwa sauti aliyoirekodi. Nilibonyeza ili sote watatu tusikie. Nyuma yake kulikuwa na kelele za dukani, mtu akiuliza bei ya mbegu, halafu kicheko chake, kile kikubwa cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. "Si nilisema! Nilisema mimi, anapunguza pale pale kwenye kalavati!" Akamwambia mteja ngoja kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwambie apumzike. Asikimbilie nguzo. Mwambie akae mpaka goti lipoe."

Mzee aliuliza huyo ni nani. Vidole vya madam vilikuwa mfukoni mwa sweta, kwenye rozari.

"Irudie," aliniambia.

Niliirudia. Aliisikiliza mpaka mwisho, akakaa kama alivyoambiwa. Saa ilikuwa bado inakwenda, sikuisimamisha.